Mratibu wa wazungumzaji hukaa kiti cha mwisho

Mwanafunzi anayejiunga na kamati ya tukio la kuzungumza hadharani kwa kawaida hupewa kazi zinazoonekana: mabango, tiketi, viti, mapokezi. Anayekabidhiwa wazungumzaji hupewa kazi isiyoonekana, tena kwa maelezo mafupi: tafuta watu wanane, wapange kwenye ratiba. Ndani ya maneno hayo machache mna kazi ya miezi minne hadi sita, na sehemu yake kubwa ni kuchagua, kukata na kukataa.

Ukumbini karibu kila mtu ana wa kumsemea. Mzungumzaji ana jina lake, mfadhili ana nembo yake, mlezi wa klabu ana heshima yake. Aliyekaa safu ya nyuma kabisa, aliyetoa saa tatu za siku yake kuja kusikiliza, hana wa kumsemea ila mratibu wa wazungumzaji. Kwa hiyo kila uamuzi ulio hapa chini unapimwa kutoka kwenye kiti chake. Anasikia? Anaelewa? Amechoka? Anajua kwa nini anaambiwa hili?

Umbo kabla ya majina

Usimtafute mtu yeyote kabla hujaamua umbo la tukio, maana umbo ndilo linaloamua nani anafaa. Mkutano wa hotuba fupi uitwao TED ulianza 1984 kule California, na ulipoanza kuweka video zake kwenye intaneti mwaka 2006, kikomo chake cha dakika 18 kikajulikana duniani kote. Matukio ya TEDx, yanayoandaliwa na watu huru kwa leseni, yalianza 2009. Leseni hiyo haina ada, lakini ina masharti yanayowakwaza wanafunzi wanaochelewa kuyasoma. Hutolewa kwa jina la mtu na haihamishiki. Wazungumzaji hawalipwi. Jukwaani hapauzwi bidhaa, hapapigwi kampeni ya siasa wala hapahubiriwi dini, na mfadhili hapewi nafasi ya kuzungumza kwa sababu tu ametoa fedha. Kama mwenye leseni hajawahi kuhudhuria mkutano wa TED wenyewe, hadhira haizidi watu 100. Kamati iliyokwisha kuahidi viti 300 kisha ikalisoma sharti hili wiki mbili kabla ya siku haina njia nzuri ya kujitoa.

Si lazima liwe hilo. PechaKucha, iliyoanzia Tokyo mwaka 2003, humpa kila mtu slaidi 20 zinazojibadilisha zenyewe kila sekunde 20, jumla dakika 6 na sekunde 40. Ignite, iliyoanzia Seattle mwaka 2006, ina slaidi 20 za sekunde 15, yaani dakika 5 kamili. Shindano la Three Minute Thesis la Chuo Kikuu cha Queensland, lililoanza 2008, linampa mtafiti dakika 3 na slaidi moja isiyosogea. Umbo lenye slaidi zinazojiendesha huwafaa watu wa picha na usanifu, na humtesa mtu ambaye nguvu yake ni kusimulia polepole. La dakika tatu humfaa mtafiti mwenye swali moja.

Kwa tukio la kwanza la wanafunzi, mimi napendekeza dakika 8 hadi 12 kwa kila mzungumzaji. Chini ya hapo mtu asiyezoea hana muda wa kutulia. Zaidi ya hapo anaanza kujaza. Kumi na nane ni kikomo tu, na mzungumzaji akiambiwa "una hadi dakika 18" huandika hotuba ya dakika 25.

Wazo kwanza

Kosa la kwanza la kamati nyingi ni kuanza na majina makubwa. Mtu mashuhuri huwa na hotuba yake aliyoitoa mara nyingi, hana nafasi ya mazoezi, na hakuna mwanafunzi mwenye ujasiri wa kumwambia akate dakika tano. Matokeo yake anakuja na historia ya maisha yake, na hadhira inapiga makofi kwa adabu. Anza na mawazo. Andika orodha ya mambo 20 au 30 ambayo watu mahali penu wanayajua kwa undani lakini hayajawahi kusemwa mbele ya umati, kisha tafuta nani anayajua kuliko wengine. Huyo anaweza kuwa fundi, muuguzi wa zamu ya usiku, mkutubi, au mwanafunzi mwenzako wa mwaka wa pili.

Tofauti ya kushikilia ni kati ya mada na wazo. "Afya ya akili kwa vijana" ni mada, haina cha kubishaniwa. "Swali la umelala saa ngapi hufichua shida ya mwanafunzi mapema kuliko swali la una tatizo gani" ni wazo: lina dai, mtu anaweza kulikataa, na aliyelitoa analazimika kulithibitisha. Mtake kila mwombaji aandike wazo lake kwa sentensi moja isiyozidi maneno 20, yenye kitenzi. Wengi watashindwa mara ya kwanza, na hilo si dosari. Anayeshindwa mara ya tatu hajajua bado anataka kusema nini, na miezi minne ya mazoezi haitamsaidia.

Fomu ya maombi iwe fupi: sentensi ya wazo, msikilizaji atafanya au ataamini nini baada ya kusikia, mwombaji analijuaje jambo hili, na je, amewahi kulizungumza hadharani na wapi. Kisha omba video ya dakika mbili iliyopigwa kwa simu, bila kuhaririwa. Usiangalie mwanga wala ufasaha. Angalia kama anazungumza na mtu au anasoma ukutani. Mwoga anayemweleza mwenzake jambo kwa hamu hufundishika. Mwenye sauti nzuri asiye na la kusema ni kazi ngumu zaidi.

Wakishachujwa, kaa na kila mmoja dakika 30. Sikiliza mahali anapochangamka. Mara nyingi wazo lenyewe liko hapo, wala si pale alipoliandika kwenye fomu. Mwulize pia, "Nani anapingana nawe, naye anasemaje?" Anayejibu swali hilo kwa haki ameshafikiri. Anayesema hakuna anayepinga, mpe wiki moja akatafute.

Hapo ndipo uhakiki unapoanza, na wanafunzi huupuuza kwa sababu unaonekana kama kumkosea mgeni heshima. Mwezi Desemba 2012 TED iliwaandikia waandaaji wote wa TEDx barua ya kuwaonya dhidi ya sayansi ya uongo majukwaani, kwa kuwa hotuba zenye madai yasiyo na msingi zilikuwa zimeshapita. Onyo hilo linafaa kwa tukio lolote. Kila tarakimu na kila dai la tiba, lishe, ubongo au fedha liandikwe kwenye jedwali, na mbele yake chanzo. Kisha mpe mtu wa fani hiyo, asiye rafiki wa mzungumzaji, alisome. Dalili za kuogopa ni hizi: ugunduzi ambao "wataalamu hawataki ujulikane", neno "nishati" au "kwanta" lisilofafanuliwa, tiba moja ya magonjwa mengi, na jina la kampuni ya mzungumzaji kujitokeza zaidi ya mara moja katika rasimu. Aliyekuja kuuza hatasema anauza. Utamjua kwa hitimisho lake, kwa sababu njia zote zinaishia kwenye huduma anayoitoa yeye peke yake.

Chagua wanane na akiba wawili. Akiba wafanye mazoezi yote kama wengine, nao waambiwe wazi tangu mwanzo kwamba wao ni akiba. Waliokosa nafasi wajibiwe wote, siku moja, kwa barua fupi isiyotoa tumaini la uongo. "Hatutakuwa na nafasi kwako mwaka huu" ni maneno ya heshima kuliko kimya cha miezi miwili.

Kukata

Hapa ndipo kazi ilipo hasa, na hapa ndipo mratibu mwanafunzi huogopa zaidi, kwa kuwa anayemwambia "punguza" huenda ni mkubwa wake mara mbili kwa umri. Kinachosaidia ni kipimo. Mkiwa na saa na idadi ya maneno, hamjadili tena nani ana ladha nzuri.

Usiazime vipimo vya Kiingereza vya maneno 130 au 150 kwa dakika. Neno la Kiswahili hubeba mzigo mkubwa zaidi: "hatutawaambia" ni neno moja, na Kiingereza kinahitaji manne au matano. Mpe mzungumzaji asome kwa sauti maneno 300 ya rasimu yake kwa mwendo wa kawaida, upime. Tuseme ametumia dakika 2 na sekunde 45. Mwendo wake ni maneno 109 hivi kwa dakika. Kwa dakika 10 anapata 1,090, kisha ondoa sehemu moja ya kumi kwa ajili ya vicheko, vituo na kubadilisha slaidi. Rasimu yake isizidi maneno 980. Akileta 1,500 hakuna haja ya mabishano. Mnakaa mezani mnatafuta maneno 520 ya kuondoka.

Yanaondoka kwa utaratibu unaojirudia kwa karibu kila mtu. Kwanza ni mlango: salamu ndefu, shukrani kwa waandaaji, kuomba radhi kwa woga, na "leo ningependa kuzungumzia". Pili ni wasifu wa mzungumzaji, ambao mshereheshaji ameshausoma. Tatu ni mfano wa pili na wa tatu wa jambo lile lile. Bakiza ule ambao mtu anaweza kuuona kwa macho. Nne ni takwimu. Msikilizaji hana karatasi, na tarakimu tatu katika dakika 10 zinatosha. Tano ni wazo la pili. Hili ndilo linalouma, kwa sababu mara nyingi ni zuri. Lakini hotuba yenye mawazo mawili humwachia mtu wa safu ya nyuma nusu ya kila moja.

Anayedhani ufupi unapunguza uzito akumbushwe Gettysburg, Marekani. Tarehe 19 Novemba 1863 mzungumzaji mkuu, Edward Everett, alihutubia kwa takriban saa mbili. Rais Abraham Lincoln alimfuata kwa maneno yapatayo 270. Hotuba inayokumbukwa ni ya Lincoln.

Unapokata, usiandike upya. Sentensi ya mratibu ikiwekwa kinywani mwa mzungumzaji huanguka jukwaani, kwa sababu si mpigo wake wa kuvuta pumzi. Njia bora ni kumwomba afunge daftari akuhadithie jambo lile kana kwamba mko safarini, umrekodi kwa simu, kisha uandike alichosema neno kwa neno. Sentensi za mdomoni karibu kila mara ni fupi na hai kuliko za rasimu. Mrudishie hizo.

Maoni nayo yana namna ya kutolewa. Mtu mmoja tu ayapeleke kwa mzungumzaji, hata kama wanakamati watano wamesikiliza. Mambo matatu kwa kila duru, si zaidi, yakianza na kubwa: duru ya kwanza wazo na mpangilio, ya pili mifano na urefu, ya tatu sauti na mwili. Ukimsahihisha mtu namna anavyosimama wakati wazo lake bado linayumba, atasimama vizuri akisema jambo lisilo na kichwa. Na watu watano wakimwandikia kila mmoja kivyake, ataanza kuwaridhisha wao, amsahau msikilizaji.

Kuhusu lugha: kama mzungumzaji anafikiri kwa Kiswahili, azungumze Kiswahili. Hotuba ya TEDx inaweza kutolewa kwa lugha yoyote, na manukuu huongezwa baadaye. Mtu anayetafsiri kichwani huku amesimama chini ya taa hupoteza uso wake. Unaona macho yakitafuta neno.

Mazoezi

Panga duru nne za kusimama, kuanzia wiki sita kabla: wiki ya sita, ya nne, ya pili, na siku ya mwisho jukwaani penyewe. Mazoezi ya kukaa na kusoma hayahesabiki. Duru mojawapo iwe bila slaidi kabisa; hotuba isiyosimama bila slaidi haijakamilika.

Suala la kukariri lina hatari moja. Aliyekariri kikamilifu, hadi anaweza kusema hotuba huku anaosha vyombo, yuko salama. Anayezungumza kwa vituo, akijua tu hatua tano au sita za kupita, naye yuko salama. Aliyekariri nusu ndiye anayeanguka: macho yanapanda juu kutafuta neno, sauti inakuwa bapa, na akikosa sentensi moja, zote zilizofuata zinapotea. Ikiwa siku kumi kabla ya tukio mtu bado yuko katikati, mrudishe kwenye vituo. Akariri sentensi tatu za mwanzo na mbili za mwisho tu, pamoja na orodha ya vituo.

Kwa muda, kuna desturi nzuri ya kuazima kutoka Toastmasters, vilabu vya kuzungumza vilivyoanzia California mwaka 1924. Katika hotuba ya dakika 5 hadi 7, taa ya kijani huwaka dakika ya 5, ya njano ya 6, nyekundu ya 7. Kadi tatu za rangi hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa hotuba ya dakika 10, onyesha kijani ikifika 7, njano 9, nyekundu 10. Zitumie tangu duru ya kwanza, ili siku yenyewe rangi isimshtue mtu.

Mazoezi ya mwisho yafanyike kwa viatu vya siku hiyo, nguo za siku hiyo, kipaza sauti kile kile na rimoti ile ile ya slaidi. Kiatu cha kisigino kwenye jukwaa la mbao lenye uwazi chini hupiga kama ngoma, na kitambaa cha hariri husugua kipaza sauti. Hayo hayajulikani kwenye chumba cha mikutano. Anayezidisha dakika moja siku hiyo akate maneno 100 hapo hapo, kabla hajaondoka. Asikuahidi kwamba "kesho nitaharakisha". Wengi huharakisha kweli, na hapo ndipo safu ya nyuma inapoacha kuelewa.

Mpangilio na mshereheshaji

Kikao kimoja kisizidi dakika 90. Piga hesabu mapema: hotuba nne za dakika 12 ni 48, utambulisho mara nne wa dakika moja na nusu ni 6, muziki au ushairi 6, ufunguzi 5, kuchelewa kuanza na mengineyo 10. Hapo ni 75, na umebaki na nafasi ya kupumua. Anayejaza dakika 90 kwenye karatasi atapata 120 ukumbini.

Fungua kwa hotuba yako ya pili kwa ubora, na ile bora kabisa iwe ya mwisho. Usiweke simulizi ya msiba kisha mchekeshaji. Wote wawili wanaharibika. Baada ya hotuba nzito weka muziki usio na maneno, au acha taa zififie sekunde 20 kabla ya mshereheshaji kutokea. Hotuba mbili zenye grafu zisifuatane. Baada ya chakula weka mtu anayeonyesha kitu kwa mikono.

Mshereheshaji asifafanue hotuba iliyokwisha wala asitabiri ijayo. Sentensi tatu zinatosha: kwa nini swali hili lina maana, nani ataligusa, jina lake. Jina liwe neno la mwisho, ndipo makofi yaanze. Na kwa matamshi, kila mzungumzaji atume sauti yake akilitamka jina lake mwenyewe. Mshereheshaji aisikilize hadi alitamke bila kusita. Kumtamka mtu vibaya mbele ya wazazi wake ni jeraha linaloepukika kwa sekunde tano.

Sauti

Watu huvumilia picha mbaya. Sauti mbaya hawaivumilii, wala video yake haitatazamwa. Ikiwa bajeti inatosha kitu kimoja tu, iwe sauti na fundi anayeijua.

Kipaza sauti cha kushika ni cha kutegemewa, lakini humfunga mzungumzaji mkono mmoja, na asiyezoea hukishusha hadi kifuani bila kujua, sauti ikapotea. Cha kubana kifuani hukaa karibu shubiri moja chini ya kidevu. Akigeuza kichwa kutazama skrini, sauti inashuka. Cha kuvaa sikioni, chenye kijiti kinachokaa pembeni ya mdomo, ndicho bora kwa anayetembea, kwa sababu umbali wake na mdomo haubadiliki. Hereni, mikufu, ndevu na ncha za mtandio hukigonga. Vua au bana upande wa pili. Kisanduku chake huhitaji mkanda au mfuko. Gauni lisilo na mahali pa kukifunga liulizwe mapema, si dakika tano kabla.

Mluzi unaotoboa masikio hutokea pale kipaza sauti kinaposikia spika: sauti inatoka, inaingia tena, inakuzwa, inatoka, hadi masafa fulani yanapiga yowe. Dawa ya kwanza ni mahali. Spika kuu ziwe mbele ya mstari wa jukwaa, zikitazama hadhira, na mzungumzaji asipite mbele ya spika hizo. Weka sakafuni mstari wa utepe wa gundi asiouvuka. Dawa ya pili ni kukileta kipaza sauti karibu na mdomo badala ya kupandisha sauti kwenye mikisa, yaani mtambo wa kuchanganya sauti. Na mzungumzaji akikifunika kichwa cha kipaza sauti kwa kiganja ili azuie mluzi, anauzidisha.

Uwe na vifaa viwili vya kuvaa, A na B, vinavyopokezana. Mzungumzaji wa kwanza yuko jukwaani na A, wa pili anavishwa B nyuma ya pazia dakika kumi kabla. Betri mpya mwanzoni mwa kila kikao, hata kama za zamani zinaonyesha nusu. Kipaza sauti cha kushika, kimewashwa na kupimwa, kiwe mkononi mwa msaidizi pembeni ya jukwaa; A kikizimika, anapanda anakikabidhi, basi. Jaribio la sauti si "halo, moja, mbili". Mzungumzaji aseme aya yake ya kwanza na ile anayopaza sauti zaidi, huku wewe umekaa kiti cha mwisho. Kumbuka pia kwamba ukumbi mtupu una mwangwi, na watu wakijaa, miili na nguo hunyonya sauti. Fundi atapandisha kidogo, na hilo ni la kawaida.

Kwa kurekodi, chukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mikisa, na rekoda ya pili inayojitegemea. Kamera mbili zinatosha kuanzia, moja ya mwili mzima isiyoguswa na moja ya uso. Picha ikipepesa chini ya taa za ukumbi, weka kasi ya shata ya kamera iwe sekunde 1/50 mahali umeme ni wa hezi 50, na 1/60 mahali ni wa hezi 60.

Slaidi hazihitaji maneno mengi hapa. Uwiano 16:9, herufi zisizopungua pointi 30, wazo moja kwa kila slaidi, na zote zikusanywe kwenye kompyuta moja siku tatu kabla, pamoja na nakala ya PDF kwenye flashi. Zima arifa, zima hali ya kulala. Fungua kila faili kwenye kompyuta hiyo hiyo, kwa sababu fonti isiyokuwemo hubadilishwa na nyingine na mistari yote inahama.

Siku yenyewe

Karatasi ya mtiririko iwe na safu hizi: saa kamili, urefu, nani yuko jukwaani, kipaza sauti gani, taa, kilichoko kwenye skrini, na nani anayefuata kuvishwa. Nakala kwa fundi sauti, wa taa, wa slaidi, mshereheshaji na msimamizi wa jukwaa. Saa moja tu ndiyo inayotawala, na mtu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kubadilisha mpangilio. Kamati inayojadiliana nyuma ya pazia husikika hadi safu ya tatu.

Mzungumzaji akisahau, usimnong'oneze. Mwache sekunde tano. Yeye anaziona kama dakika, hadhira haizioni hivyo. Akikutazama, mpe neno la kituo kinachofuata, neno moja. Ndiyo maana wewe unashika orodha ya vituo vyake, si hotuba nzima. Akizidisha muda, kadi nyekundu isimame bila kupungwa. Akizidi dakika mbili, mshereheshaji aonekane ukingoni mwa jukwaa. Asiyefika saa moja kabla ya kikao chake, akiba avishwe.

Baada ya hapo

Hati ya ridhaa ya kurekodiwa na kuchapishwa isainiwe miezi kabla, wakati wa kukubali nafasi, wala si usiku wa tukio. Humo mzungumzaji athibitishe pia kwamba picha na muziki anaotumia ni wake au ana ruhusa. Wimbo mmoja usio na ruhusa unaweza kuifungia video nzima. Manukuu yaandikwe na mtu aliyeisoma rasimu ya mwisho, kwa kuwa majina na istilahi atakuwa anazijua.

Kisha kuna jambo la wanafunzi peke yao: mnahitimu. Kamati ya mwakani huanza sifuri, na leseni ya mtu aliyeondoka haiwafai. Ndani ya siku saba, kabla kumbukumbu haijapoa, andika faili la makabidhiano: muda halisi wa kila hotuba ukilinganishwa na uliopangwa, wazungumzaji waliohitaji duru ya tano na sababu zake, waombaji wazuri waliokosa nafasi, betri ngapi zilitumika, kiti gani hakioni skrini, na ni sehemu gani ya jukwaa kipaza sauti kilipopiga mluzi.